Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuboresha Duka Dogo la Mtandaoni la Kazi za Mikono

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya fundi anayefanya kazi peke yake, au kikundi kidogo, kinachotengeneza vitu kwa mkono na kuviuza kupitia intaneti: wasusi wa vikapu, wafinyanzi, wachongaji, washonaji wa ngozi, watengenezaji wa mapambo ya shanga na wengineo. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni kwamba mnunuzi wa mtandaoni hawezi kukishika kitu, kukipima uzito kwa mkono wala kukigeuza aone upande wa chini. Kila anachokikosa kwa sababu hiyo, duka halina budi kumpatia kwa njia nyingine.

Duka langu linatembelewa, lakini watu hawanunui. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ukurasa wa bidhaa, kabla hujatumia hata senti moja kwenye matangazo. Matangazo huongeza idadi ya wanaoingia, na kama ukurasa hauwaridhishi mia wanaoingia sasa, hautawaridhisha elfu utakaowalipia.

Mpe simu yako mtu ambaye hajawahi kuziona kazi zako, mfungulie ukurasa wa bidhaa moja, kisha mwulize maswali manne bila kumsaidia: kitu hiki kina ukubwa gani, kimetengenezwa kwa malighafi gani, kitamfikia lini, na atalipa jumla ya kiasi gani. Mwache atafute mwenyewe na umwangalie vidole vyake. Pale anaposita, anaporudi juu ya ukurasa au anapokuuliza wewe, ndipo wanunuzi wengine wanapoondoka kimya. Tumia simu kwa zoezi hili, wala si kompyuta, kwa sababu maduka mengi hupangwa kwenye skrini pana huku wageni wake wakiyaona kwenye skrini nyembamba, ambako jedwali la vipimo hukatika na kitufe cha kununua huzama chini ya maelezo marefu.

Je, nahitaji kamera ya gharama kubwa ili nipate picha nzuri?

Huhitaji. Simu janja ya kawaida inatosha, mradi mwanga uwe mzuri.

Tuchukue bakuli la udongo lenye mng'aro, yaani lililopakwa utando wa kioo unaong'aa, ambalo ni miongoni mwa vitu vigumu kupiga picha. Weka meza pembeni mwa dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kisha zima taa zote za chumbani, kwa kuwa mwanga wa taa na wa mchana hutofautiana rangi na kamera haiwezi kuisawazisha yote miwili kwa wakati mmoja. Upande usioelekea dirisha simamisha kadibodi nyeupe, ili mwanga urudi na kulainisha kivuli. Sasa utaona dirisha lenyewe limejichora kwenye ukingo wa bakuli kama mstari mweupe mkali. Funika dirisha kwa kitambaa chepesi cheupe. Mstari huo utasambaa na rangi halisi ya mng'aro itajitokeza. Futa lenzi ya simu, gusa skrini mahali bakuli lilipo, kisha ongeza mwangaza kidogo, maana simu ikikutana na mandhari nyeupe huifanya ya kijivu na kitu chenyewe huwa cheusi kuliko kilivyo.

Usitumie vichujio vya rangi. Mteja aliyeagiza bluu iliyoiva akapokea bluu iliyopauka hana kosa anaporudisha mzigo, hata kama kitu chenyewe ni kizuri.

Niweke picha ngapi, na zipi?

Ya kwanza ionyeshe kitu kizima, kwa mandhari tulivu, kwa kuwa ndiyo itakayoonekana ikiwa ndogo kwenye matokeo ya utafutaji. Baada ya hapo zifuate picha zinazojibu maswali ya mkono: kitu kikiwa kimeshikwa au kimevaliwa ili ukubwa wake ueleweke, upande wa chini, upande wa ndani, mshono au msuko kwa karibu sana, na namna kinavyofungwa au kufunguliwa. Mafundi wengi huruka picha ya upande wa chini na ya ndani kwa kudhani hazipendezi, ilhali mnunuzi anayejua kazi huanza kuangalia huko huko. Mshono wa ndani ulionyooka huuza mkoba wa ngozi kuliko maneno yoyote utakayoyaandika juu yake.

Picha zimeifanya tovuti iwe nzito. Nifanyeje?

Punguza vipimo vyake kabla ya kuzipandisha. Upande mrefu wa pikseli 1500 hadi 2000 unatosha kwa bidhaa nyingi, na ukizihifadhi katika muundo wa WebP, ambao Google iliutoa mwaka 2010, zitakuwa nyepesi kuliko za JPEG kwa ubora unaokaribiana. Google hupendekeza kwamba sehemu kubwa zaidi ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na katika duka la kazi za mikono sehemu hiyo huwa ni ile picha ya kwanza, kwa hiyo ishughulikie hiyo kabla ya nyingine.

Maelezo ya bidhaa yaandikweje?

Yaandikwe kwa mambo yanayoweza kuhakikiwa. Sentensi kama "kikapu kizuri cha kipekee kilichotengenezwa kwa upendo" inaweza kubandikwa kwenye kikapu chochote duniani, na kwa sababu hiyo haimwambii mnunuzi lolote. Ilinganishe na hii:

"Kikapu cha mviringo chenye mfuniko, kilichosukwa kwa ukindu na kuzungushiwa ngozi mdomoni. Kipenyo ni sentimita 28 mdomoni na sentimita 22 kitakoni, kimo ni sentimita 25, na uzito ni gramu 600. Vishikio ni vya ngozi ya ng'ombe, vimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kukaushwa kivulini, kwa kuwa jua kali hupausha rangi na maji mengi huleta ukungu."

Maelezo hayo hayajisifu popote, na bado msomaji anaondoka akiwa na picha ya fundi anayekijua kitu chake. Sentensi ya kutaja jua na ukungu, ambayo wengine huogopa kwamba itamkatisha mteja tamaa, kwa kweli humtuliza: humwonyesha kwamba amezungumza na mtu anayesema ukweli.

Kila aina ya kazi ina taarifa ambazo haziwezi kuachwa. Chombo cha udongo kitaje kama kinafaa kwa chakula, na kama kinahimili jiko la maikrowevu au mashine ya kuoshea vyombo. Usidai usalama wa chakula kama hujui kilichomo kwenye mng'aro, kwa sababu baadhi ya ming'aro ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hereni zitaje metali ya kile kipande kinachopita sikioni, kwani nikeli huwadhuru ngozi watu wengi. Kitambaa kitaje aina ya nyuzi, namna ya kufua na kama kinapungua ukubwa kikifuliwa.

Wateja watanipataje kwenye injini za utafutaji?

Kwa maneno wanayoyatumia wao. Fundi hupenda kukipa kitu jina la kishairi, lakini hakuna anayetafuta jina ambalo hajawahi kulisikia. Hutafuta "kikapu cha nguo chafu chenye mfuniko" au "mkufu wa shanga nyekundu wa harusi". Kichwa cha bidhaa kianze na kitu chenyewe, kifuatwe na malighafi, matumizi au rangi, na jina la kishairi lije mwisho kama unalipenda. Soma pia ujumbe ambao wateja hukutumia: wakiuliza mara kwa mara kama kitu fulani "kinaingia kompyuta", maneno hayo yanapaswa kuwemo kwenye ukurasa. Kwenye Etsy, ambalo ni soko la mtandaoni la kazi za mikono, kila bidhaa ina nafasi 13 za lebo, yaani maneno ya kusaidia utafutaji. Zijaze zote, tena kwa vifungu vya maneno badala ya neno moja moja, na usirudie wazo lile lile.

Niuze kwenye soko la mtandaoni au nifungue tovuti yangu?

Soko kama Etsy, lililoanzishwa mwaka 2005, lina wanunuzi ambao tayari wanatafuta kazi za mikono, na hilo ndilo unalolilipia. Etsy hutoza senti 20 za Marekani kwa kila bidhaa inayoorodheshwa kwa miezi 4, pamoja na ada ya asilimia 6.5 ya mauzo, ambayo hukokotolewa juu ya bei pamoja na gharama ya usafirishaji. Ada ya kuchakata malipo ni tofauti na hizo. Tovuti yako mwenyewe, iwe ya Shopify au ya WooCommerce juu ya WordPress (zote ni huduma za kujengea duka la mtandaoni), hukupa uhuru wa sura, wa masharti na wa mawasiliano na wateja, lakini kuleta watu ni mzigo wako peke yako.

Kwa maoni yangu, anayeanza aanze sokoni, na afungue tovuti yake pale anapoanza kuona wateja wanaorudi. Hao ndio watakaoifuata tovuti, na hao ndio ambao soko hukutoza ada kwa kukuletea ilhali wangekuja wenyewe. Vyovyote uamuavyo, hifadhi nakala ya picha na maelezo yako yote mahali pako, kwa sababu akaunti ya sokoni inaweza kusimamishwa ghafla.

Bei nipangeje ili nisipate hasara?

Hili ndilo swali linaloniumiza zaidi ninapoona majibu yake madukani, kwa sababu mafundi wengi hujilipa wao wa mwisho, au hawajilipi kabisa. Saa zako ni gharama kama ngozi na nyuzi zilivyo gharama.

Hesabu vitu hivi kwa kila bidhaa: malighafi pamoja na mabaki yanayotupwa, saa za kutengeneza, muda wa kupiga picha, kufungasha na kujibu ujumbe, vifungashio, na sehemu ya gharama za jumla kama umeme, zana na intaneti. Tuseme malighafi ni vizio 20 vya fedha yoyote unayotumia, saa 4 za kazi kwa vizio 10 kila moja ni 40, ufungashaji ni 5 na gharama za jumla ni 5. Jumla ni 70. Ukitaka faida ya vizio 15 kwa ajili ya kukuza duka, unafika 85.

Ada ndizo huwapoteza watu. Kama ada zote kwa pamoja ni asilimia 10 ya bei ya kuuzia, wengi huongeza asilimia 10 juu ya 85 na kupata 93.5, lakini asilimia 10 ya 93.5 ni 9.35, kwa hiyo mkononi hubaki 84.15 na upungufu hujirudia kwa kila kitu kinachouzwa. Njia sahihi ni kugawanya 85 kwa 0.9, na jibu ni karibu 94.5. Tofauti ni ndogo kwa kitu kimoja, ila ada zikifika asilimia 20 au 25, kama hutokea pale matangazo yanapoingia, huwa inameza sehemu kubwa ya faida.

Angalia pia kama bei yako inaruhusu kuuza kwa jumla. Maduka yanayonunua ili kuuza tena mara nyingi hutaka kulipa takriban nusu ya bei ya rejareja, na kama nusu hiyo haifikii gharama zako, mlango huo umefungwa hadi bei ipande au muda wa kutengeneza upungue.

Mauzo yakidorora, nipunguze bei?

Lisiwe jambo la kwanza kufanya. Punguzo la mara kwa mara huwafundisha wateja kusubiri. Tafuta kwanza namna ya kutengeneza kitu kidogo kwa malighafi na ujuzi ule ule, kwa mfano kishikio cha funguo kutokana na vipande vya ngozi vilivyobaki kwenye mkoba, ili asiyeweza kununua mkoba leo naye apate mahali pa kuanzia.

Kwa nini watu hujaza kikapu cha manunuzi kisha wakaondoka bila kulipa?

Sehemu ya hali hii ni ya kawaida. Taasisi ya Baymard, ambayo imekusanya takwimu za tafiti nyingi za biashara ya mtandaoni, huonyesha wastani wa karibu asilimia 70 ya vikapu vinavyoachwa, na sehemu kubwa ya walioviacha walikuwa wakiangalia tu. Miongoni mwa waliokusudia kununua, sababu inayoongoza ni gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni, hasa usafirishaji.

Kwa hiyo iseme gharama ya usafirishaji kwenye ukurasa wa bidhaa, hata kama ni kwa makadirio ya maeneo. Sababu nyingine ni kulazimishwa kufungua akaunti. Mruhusu mteja anunue kama mgeni.

Vitu vyangu havifanani hata viwili. Nawezaje kuzuia malalamiko?

Amua kwanza ni aina gani ya ukurasa unaouandika. Kama picha ni ya kitu kile kile atakachopokea, sema hivyo waziwazi na ukiondoe dukani kikiuzwa. Kama picha ni ya mfano, taja mipaka ya tofauti kwa vipimo: kimo kinaweza kuzidi au kupungua kwa sentimita 1, rangi ya mng'aro inaweza kuelekea kijani au kahawia kulingana na sehemu ya tanuri. Weka picha ya vitu vitatu au vinne vya aina hiyo vikiwa pamoja; picha moja ya namna hiyo hueleza tofauti vizuri kuliko aya nzima.

Usafirishaji unakula faida. Nifanye nini?

Pima mzigo ukiwa umeshafungashwa, kisha pima boksi. Kampuni nyingi za usafirishaji hutoza kwa uzito wa ujazo pale unapozidi uzito halisi, na kanuni iliyozoeleka ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 30 huhesabiwa kuwa kilo 9.6, hata kama ndani yake kuna kikapu kisichofika kilo moja. Msusi anaweza kubuni vikapu vya ukubwa tofauti vinavyoingiana na kuuzwa kwa seti, au kikapu laini kinachokunjika bapa bila kuvunjika msuko. Huu ni uamuzi wa kisanii kabisa, nao hufaa ufanywe kabla ya kuanza kusuka.

Kwa vitu vya kuvunjika, kila kipande kifungwe peke yake, nafasi ijazwe ndani na nje ya chombo, na boksi likitikiswa kisisikike chochote. Dondosha boksi moja la majaribio kutoka kimo cha kiuno, ulifungue, uone.

Nikiuza nje ya nchi nizingatie nini?

Kila mzigo huhitaji tamko la forodha lenye maelezo ya kweli, thamani ya kweli na namba ya utambulisho wa bidhaa, ambayo tarakimu zake 6 za kwanza ni za kimataifa. Namba za bidhaa za kusukwa kama vikapu huanza na 4602, za vinyago vya mbao 4420 na za mapambo ya mwilini yasiyo ya madini ya thamani 7117. Usiandike thamani ya chini kwa kumsaidia mteja. Mzigo ukipotea, fidia hufuata thamani iliyoandikwa.

Mambo yamebadilika kwa mizigo midogo. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa mizigo isiyozidi yuro 22 tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ilisimamisha msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Mweleze mnunuzi mapema ni nani atakayelipa ushuru.

Malighafi nazo zina sheria zake. Mkataba wa CITES, ambao ni wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliosainiwa Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, hudhibiti biashara ya pembe za ndovu, magamba ya kasa na spishi nyingi za miti. Miti yote ya jenasi ya Dalbergia, ukiwemo mpingo, imo kwenye orodha zake. Tangu Novemba 2019, kwa mpingo na nyingi za spishi hizo, bidhaa zilizokamilika zimesamehewa pale mbao hizo zisipozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, lakini nchi yako au ya mnunuzi inaweza kuwa na masharti makali zaidi, kwa hiyo uliza mamlaka husika kabla ya kutuma.

Je, nilazimike kupokea bidhaa zilizorudishwa?

Hutegemea sheria ya mahali alipo mnunuzi. Katika Umoja wa Ulaya, mtu aliyenunua mtandaoni ana siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu, isipokuwa kwa vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo au maelekezo yake. Kwa hiyo kwa oda maalumu andika makubaliano yote, mtumie mteja mchoro au picha ya hatua ya kati, na uanze kukata ngozi baada ya yeye kuthibitisha.

Nimeandikiwa maoni mabaya hadharani. Nijibu?

Ndiyo, kwa sentensi mbili au tatu: kubali kilicho kweli, eleza utakachofanya, kisha endelea faraghani. Wanaosoma jibu lako ni wanunuzi wajao, na wanapima namna utakavyowatendea wao. Maoni mawili yakitaja kasoro ile ile, rekebisha bidhaa au ukurasa.

Mtu ameiba picha zangu na anauza kwa jina lake. Nina haki gani?

Picha na maandishi yako yanalindwa na hakimiliki tangu unapoyatengeneza, bila usajili, katika nchi zote zilizojiunga na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886. Masoko makubwa yana fomu za kuomba bidhaa iondolewe; hifadhi faili asilia zenye tarehe, kwa kuwa ndizo ushahidi. Ustadi wenyewe wa kusuka au kufinyanga ni urithi wa wengi na hakimiliki haiuzuii.

Nilinde vipi duka langu dhidi ya matapeli?

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ambao mbali na neno la siri huomba msimbo wa pili, usihifadhi namba za kadi za wateja popote, na mteja akidai amelipa zaidi na kuomba umrudishie tofauti kwa njia nyingine, usitume chochote.

Nimepata oda nyingi kuliko ninavyoweza kutengeneza. Nifanyeje?

Badilisha muda wa kutengeneza unaoonyeshwa dukani siku hiyo hiyo, kabla oda nyingine hazijaingia, na uwaandikie waliokwisha kulipa tarehe mpya pamoja na nafasi ya kurudishiwa fedha. Watu wengi husubiri kitu cha mkono kwa furaha wakiambiwa mapema, na wachache huvumilia ukimya. Kama hali inajirudia, pandisha bei ya bidhaa inayokuelemea au ifungue kwa idadi maalumu kila mwezi. Ukiamua kushirikisha fundi mwingine, sema hivyo kwenye ukurasa na umtaje akikubali, kwani mnunuzi aliyelipia kazi ya mikono yako ana haki ya kujua ni mikono ya nani iliyoitengeneza.